Manda za Alfajiri: Kupika Sambusa Lorugum Bila Friji

Unga wa sambusa hapa Lorugum, Turkana, hukandwa saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo kuta bado zimeshika ubaridi wa usiku, upepo haujaanza kubeba vumbi, na joto kwa kawaida huwa nyuzi 24 au 25. Ikifika saa nane mchana, kutoka huku kwetu hadi Lodwar, huwa limepita nyuzi 35, na chini ya paa la bati huongezeka. Mpishi anayeanza kukanda saa sita atapata manda, yale majani membamba ya unga, zilizokauka pembeni na kulowana katikati, kisha aseme unga ulikuwa mbaya. Mara nyingi unga hauna kosa, saa ndiyo iliyopita.

Naanza na saa kwa sababu maelezo mengi ya upishi yanayotufikia kwa simu yameandikwa na watu wenye friji, jikoni kwao kukiwa na nyuzi 20. Wasichana wa hapa wananionyesha picha za vitafunio vya Kifaransa vya tabaka: vimefura, vimechanuka jani juu ya jani, ndani vina nyama au jibini. Wanataka kuviandaa kwa ajili ya harusi, mahafali ya shule, wageni wa kanisani. Ni haki yao kutaka. Lakini kabla hujapoteza unga na pesa, elewa jinsi vitafunio hivyo vinavyofanya kazi.

Mpishi wa Kifaransa hufunga bamba la siagi ndani ya unga, akalisukuma, akalikunja mara tatu kama barua, akalipumzisha mahali pa baridi, kisha akarudia. Akifanya hivyo mara sita, siagi hugawanyika kuwa tabaka 729. Katika oveni, maji yaliyomo ndani ya unga na ndani ya siagi yenyewe (siagi ina maji asilimia 16 hivi) hugeuka mvuke. Mvuke unahitaji nafasi kubwa sana kuliko maji yaliyouzaa, zaidi ya mara 1,600, kwa hiyo unasukuma kila jani la unga juu ya mwenzake. Siagi imeyatenganisha majani hayo yasigandamane, ndiyo maana yanapanda.

Hayo yote yanategemea siagi kubaki ngumu hadi dakika inapoingia motoni, na siagi huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35. Katika jiko la Lorugum lenye nyuzi 36, siagi imeshayeyuka kabla hujamaliza mkunjo wa pili. Mara ya kwanza nilipojaribu, iliuacha unga ikatiririka juu ya kibao, na kilichotoka motoni kilikuwa kigumu kama biskuti iliyokaangwa. Margarini haisaidii sana, kwa sababu mchana nayo hulegea vivyo hivyo.

Kaunti yetu ina kumbukumbu kubwa zaidi ya jambo hili. Kule Kalokol, ufukweni mwa Ziwa Turkana, palijengwa kwa fedha za Norway kiwanda cha kugandisha samaki, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi muda mfupi tu, kwa sababu kupoza samaki katika joto lile kulihitaji umeme na maji safi mengi kiasi cha kuvunja hesabu yote. Wavuvi wakaendelea kuanika samaki juani na kuwatia chumvi, na hadi leo samaki mkavu wa ziwa anasafiri kwa lori hadi mbali. Naukumbuka mfano huu kila ninapoona mtu akitafuta barafu ili akande unga. Baridi hapa ni ghali. Joto na ukavu tunavyo bure, na kuna kitafunio kisichohitaji baridi hata kidogo.

Kitafunio hicho ni sambusa. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikwenda baadaye Delhi, na katika maelezo yake ya meza ya Sultani Muhammad bin Tughluq anataja sambusa: nyama iliyokatwakatwa kwa vitunguu, viungo na lozi, ikafungwa ndani ya mkate mwembamba, ikakaangwa kwa samli. Karibu miaka 700 imepita na maelezo hayo bado yanatosha kumfundishia mtu. Huku Turkana sambusa imefika kwa milango mingi: wafanyabiashara wa Kisomali wa Lodwar, madereva na watu wa mikahawa wa barabara ya Kitale, na kwa nguvu kubwa kupitia Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Kakuma utaikuta ya Kisomali yenye nyama na bizari, utaikuta ya Kihabeshi yenye kamande, na jirani yake Mkongomani akiuza mandazi. Kitafunio hiki kimekwisha kuwa chetu.

Na kina tabaka zake. Siri imo ndani ya manda. Unazipanga manda nne moja juu ya nyingine, kila moja imepakwa mafuta, unazisukuma pamoja mpaka ziwe nyembamba kiasi ambacho moja peke yake isingevumilia, unazipitisha kwenye kikaango cha moto, kisha unazibandua. Mvuke ule ule wa Mfaransa ndio unaozitenganisha, ila hapa kazi yake inaisha haraka, juu ya moto, na hauhitaji baridi hata kidogo.

Vipimo hivi vinatoa sambusa 48, kiasi cha kutosha wageni 15 hadi 20 wakiwa na chai. Kikombe ninachotumia ni cha mililita 250. Chukua unga wa ngano vikombe 3, chumvi kijiko kidogo 1, mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 2, maji ya ndimu kijiko kidogo 1 na maji vuguvugu kikombe kimoja kasoro kidogo. Ndimu huulainisha unga ukavutika bila kukatika. Usichanganye unga wa mtama wala wa mahindi, hata kidogo kidogo kwa kubana matumizi. Ngano ndiyo yenye ule uteute unaovutika na kushika jani jembamba. Mtama haunao, na manda itapasuka mikononi.

Changanya unga na chumvi, tia mafuta, yasugue kwa vidole mpaka yapotee. Mimina maji kidogo kidogo. Unga uliokaa dukani Lorugum ni mkavu kuliko uliokaa Mombasa, na huenda ukanywa kikombe kizima na zaidi, kwa hiyo acha mkono ukuongoze: donge linalotakiwa ni gumu kidogo kuliko la chapati, halinati kidoleni, halipasuki ukilibonyeza. Kanda dakika 10 kamili. Lipake mafuta, lifunike kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, liache nusu saa. Hii nusu saa watu huiruka, na wakiiruka unga hurudi nyuma kila wanapousukuma, kama mpira.

Gawa donge matonge 24 yenye ukubwa wa ndimu ndogo. Yasalie yote chini ya kitambaa kibichi isipokuwa lile lililo mkononi. Hapa ndipo Turkana inapotofautiana na Pwani. Mpishi wa Lamu anapigana na unyevu wa bahari unaolegeza manda zake. Sisi tunapigana na upepo mkavu. Tonge likikaa wazi dakika tano linaota ngozi, na ngozi hiyo haiondoki tena, itaonekana kama mstari mweupe na baadaye kama ufa, na mafuta yataingia humo. Funga dirisha la upande wa upepo. Weka bakuli la maji karibu, ulowanishe kitambaa kila kinapokauka.

Sukuma tonge moja liwe na upana wa kisosi. Lipake mafuta kwa ncha za vidole, hasa ukingoni, kisha nyunyiza unga mkavu kidogo juu ya mafuta. Sukuma la pili, liweke juu, paka, nyunyiza. La tatu vivyo hivyo. La nne liweke juu bila kulipaka. Bonyeza kwa kiganja. Sasa sukuma rundo lote pamoja, ukianzia katikati kwenda nje, uligeuze robo kila mara, mpaka lipate upana wa sahani ya kulia wali. Usikandamize ukingo, ukiukandamiza, manda zitashikana pale na kuraruka wakati wa kubandua. Ukishamaliza marundo yote sita utakuwa na manda 24.

Kikaango cha chapati kiwe cha moto wa wastani, kikavu, bila mafuta. Weka rundo, hesabu polepole hadi 20, geuza. Utaona linaanza kuvimba hapa na pale. Hesabu tena 20, toa. Likianza kupata madoa ya kahawia umechelewa, kwa sababu manda iliyoiva haikunjiki. Weka rundo kwenye kibao, likate katikati kwa kisu likiwa bado la moto, upate nusu duara mbili, na bandua manda moja moja papo hapo. Zitakuunguza vidole kidogo. Vumilia, zikipoa hazibanduki. Zipange chini ya kitambaa kibichi. Nusu duara hizo ni 48.

Nyama ya mbuzi ndiyo ya hapa, na mbuzi wa Turkana ana ladha ambayo haihitaji viungo vingi. Mashine ya kusaga ni adimu nje ya Lodwar, lakini kisu kikali kinatosha, na mimi napendelea kisu. Nyama iliyokatwa kwa mkono haivujishi maji mengi kama ya mashine. Kwa manda hizi tumia robo tatu ya kilo isiyo na mfupa, ukate vipande vidogo kama punje za mahindi, kisha upitishe kisu juu yake tena na tena mpaka vilainike. Iweke kwenye sufuria na chumvi kijiko kidogo 1, kipande cha tangawizi ukubwa wa kidole gumba na punje 5 za kitunguu saumu vilivyotwangwa, na maji ya ndimu moja. Usitie maji wala mafuta. Nyama itatoa maji yake. Pika ukikoroga mpaka yakauke yote na uanze kusikia inachacharika kwenye sufuria. Hapo tia bizari nyembamba kijiko kidogo 1, pilipili manga nusu kijiko, na pilipili kali mbili zilizokatwa.

Ipua. Vitunguu maji vinne vikubwa vikate vidogo sana, vibane ndani ya kitambaa kutoa maji, kisha vichanganye na nyama ikiwa nje ya moto pamoja na fungu la dania. Vitunguu vitaiva ndani ya sambusa na kubaki na utamu. Ukivipika pamoja na nyama, vinalainika na kutoa maji, na maji ndiyo adui wa sambusa: yanalowesha manda kutoka ndani, manda inafumuka ndani ya karai, mafuta yanaruka. Jaribu kwa kukamata kijazo kidogo ukikiminya ndani ya ngumi. Kikitoa hata tone moja, kirudishe motoni.

Siku nyumba haina nyama, kamande zinajaza sambusa vizuri kabisa. Wahabeshi wa madhehebu ya Kiorthodoksi hufunga nyama na maziwa Jumatano na Ijumaa na kwa majuma mengi ya mfungo mkuu, na ufundi wao wa sambusa ya kamande umetokana na nidhamu hiyo. Chemsha kamande vikombe viwili mpaka zilainike bila kupondeka, chuja, zirudishe kwenye sufuria zikauke, kaanga kitunguu na saumu na pilipili, changanya. Njegere kavu za manjano zilizopasuliwa, ambazo kaya nyingi za Kakuma na Kalobeyei zinazijua kutoka kwenye mgao wa chakula, zinafaa vilevile, ila ziloweshe usiku kucha na usizipike hadi ziwe rojo. Majani ya kunde kutoka mashamba ya kando ya mto Turkwel nayo yamo: yachemshe kidogo, yakamue kwa nguvu zako zote, yachanganye na kamande.

Samaki mkavu wa Kalokol anataka subira. Mloweshe saa moja katika maji ya moto, badilisha maji kupunguza chumvi, mchemshe, mwache apoe. Kisha mchambue kwa vidole, nyuzi kwa nyuzi, mara mbili, na mara ya pili umpe mtu mwingine mwenye macho mapya. Mwiba uliofichwa ndani ya sambusa ni hatari kuliko ule ulio kwenye sahani, kwa sababu mlaji hautarajii, na watoto ndio wanaopenda sambusa zaidi. Sambusa ya samaki isitiwe chumvi nyingine mpaka umeonja.

Kukunja hakufundishiki vizuri kwa maandishi, lakini tujaribu. Koroga vijiko vitatu vya unga na maji kidogo upate uji mzito; hiyo ndiyo gundi. Laza nusu duara mbele yako, upande ulionyooka ukiwa juu, na uone kama imegawanyika pande tatu sawa, kama vipande vya chungwa, vinavyokutana katikati ya ule mstari ulionyooka. Kunja kipande cha kushoto juu ya cha katikati. Paka gundi mgongoni mwake. Kunja cha kulia juu yake, bonyeza. Umepata mfuko wenye ncha. Uinue, uangalie ndani kwenye mwanga: ukiona tundu kwenye ncha, libane na gundi. Jaza kijazo kijiko kikubwa kimoja, usishindilie, acha nafasi ya upana wa kidole. Paka gundi mdomoni, kunja ulimi wa manda ufunike, bonyeza. Tano za kwanza zitakuwa na sura mbaya. Hizo mzile wewe na wanaokusaidia, zenye sura nzuri ziende kwa wageni.

Karai liwe na mafuta ya kina cha vidole vitatu, yasivuke nusu ya karai. Moto wa kukaangia ni nyuzi 170 hadi 180, na asiye na kipimo atupe kipande cha manda: kikizama na kulala, bado, kikipanda kwa mapovu madogo na kupata rangi kwa muda wa kuhesabu polepole hadi 40, tayari, kikiungua upesi, toa makaa. Kaanga sita au saba kwa wakati mmoja, ukizigeuza, dakika 5 hadi 6. Moto mkali unazipa rangi kabla manda ya ndani haijakauka, na sambusa hiyo italegea kabla ya chai kumiminwa. Zisimamishe kwa ncha juu ya chujio au wavu, mafuta yashuke. Usizirundike kwenye sahani ya plastiki iliyofunikwa, zitalainishana kwa mvuke wao wenyewe. Mafuta yaliyogeuka meusi, yanayotoa povu au moshi kabla hayajapata moto wa kukaangia, yamekwisha. Yamwage mbali na mifugo na maji.

Jiko la makaa liwe nje au kwenye kibanda kilicho wazi pande mbili, lizingirwe kwa kizuizi watoto wasifike. Usiliingize ndani ya nyumba kwa kukwepa vumbi ukafunga mlango. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na watu hulala wasiamke. Mafuta yakishika moto, yafunike kwa kifuniko au sinia la bati na usiyaguse mpaka yapoe. Maji yakimwagwa juu yake yataurusha moto hadi paani. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa muda wa dakika 20, hata kama maji yametoka mbali, kwa sababu hakuna matumizi bora ya maji hayo siku hiyo. Asipakwe dawa ya meno, unga wala samli. Kama ngozi imetoka malengelenge makubwa, au ni uso, mikono au mtoto mdogo, mpeleke hospitali ya Lorugum bila kusubiri kesho.

Nimesema kutaka vile vya tabaka vya kuoka ni haki, basi hivi ndivyo vinavyowezekana hapa. Acha siagi. Tumia mafuta magumu ya mboga ya kopo, mfano Kimbo, ambayo yanavumilia joto zaidi ya siagi. Alfajiri yanapakika kama krimu nzito, na hivyo ndivyo tunavyoyataka. Unga vikombe 2, chumvi nusu kijiko, maji theluthi mbili za kikombe, ukande kama ule wa kwanza na uupumzishe. Pima mafuta magumu gramu 120, yagawe mafungu matatu. Sukuma unga uwe mstatili, paka fungu moja, kunja mara tatu kama barua, funika kwa kitambaa kibichi dakika 20 mahali penye upepo na kivuli. Hapa ukavu wetu unalipa: maji yakikauka kwenye kitambaa yanaondoka na joto, na unga chini yake unapoa kuliko hewa iliyouzunguka, kama maji ya mtungi. Rudia mara ya pili na ya tatu. Una tabaka 27. Ni chache mbele ya 729 za Mfaransa, na mafuta ya mboga hayana maji ya kutoa mvuke kama siagi, kwa hiyo vitafunio vitapanda kiasi, vichanuke, vivunjike vizuri mdomoni. Mwenye kusukuma chapati za kukunja ameshaufanya ufundi huu miaka yote.

Sukuma unene wa sarafu mbili, kata miraba ya vidole vinne, weka kijazo, kunja pembe kwa pembe, bana kwa uma, paka yai. Oveni ni sufuria kuukuu kubwa yenye mchanga wa laga, yaani mto wa msimu, uliokauka kabisa, kina cha vidole viwili, na vigae vitatu juu yake vya kubeba bati la kuokea. Usitumie mawe ya mtoni yenye unyevu, hupasuka. Funika, pasha dakika 20, ingiza bati, panga makaa juu ya kifuniko yawe mengi kuliko ya chini. Baada ya dakika 25 hivi fungua uangalie. Mvuke wa mwanzo ndio unaonyanyua tabaka, kwa hiyo kufungua fungua kunazishusha.

Jambo la kuhifadhi nalisisitiza kuliko yote. Katika joto linalopita nyuzi 32, chakula chenye nyama kisikae nje zaidi ya saa moja baada ya kupikwa. Kwa hiyo asubuhi tengeneza manda na uzikunje mifuko tupu, zifunge vizuri, zitakaa salama hadi jioni. Nyama ipikwe karibu na wakati wa kula, sambusa zijazwe na kukaangwa mara moja, ziliwe zikiwa moto. Harusi ikianza saa kumi jioni, kijazo kisipikwe saa mbili asubuhi. Asiye na friji na mwenye wageni wanaochelewa afanye za kamande, na hata hizo azipike na kuzikaanga zinapohitajika. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kukanda na baada ya kushika nyama mbichi. Maji ya kukandia na ya gundi yawe yamechemshwa au kutiwa dawa. Kakuma imepatwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, na dania mbichi iliyooshwa kwa maji ya kisima kisichofunikwa inatosha kuangusha mji.

Anayetaka kuuza ajue kwamba Kenya inamtaka kila anayeshika chakula cha kuuzwa awe na cheti cha afya, kinachotolewa baada ya kupimwa na kuhuishwa kila miezi sita, na kwamba biashara yenyewe inahitaji kibali cha kaunti. Ulizia ofisi ya afya ya umma iliyo karibu nawe kabla ya kununua karai la pili. Halafu hesabu gharama kwa kalamu: unga, mafuta, nyama, makaa, maji uliyoletewa, na saa zako. Makaa na maji husahauliwa, na kwa biashara ndogo ya Lorugum hivyo viwili vinaweza kula faida yote. Anza na sambusa 48 za siku ya soko, uone zinaisha saa ngapi.

Vipande vya pembeni vya manda, na zile zilizoraruka, usizitupe. Zikate utepe mwembamba, zianike juani chini ya chandarua kwa saa moja, zikauke kama vijiti. Mwisho kabisa, mafuta yakiwa bado kwenye karai, zikaange kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, zinyunyizie chumvi na pilipili manga, na uwape watoto waliokuwa wakichungulia tangu alfajiri.